Jina Halizikwi

Dorcas alipiga magoti makaburini, huko Connecticut, Marekani, akapitisha kidole kwenye jina lake lililochongwa jiweni enzi za ukoloni. Kwa miaka miwili ya kuchimbua ukoo wake, mabibi wa kale wenye jina hilo walimvuruga akili. Leo fundo limefunguka. Walikuwa dada watatu. Wa kwanza alipokufa, jina alipewa wa pili. Naye alipokufa, akapewa wa tatu, aliyeishi akazaa ukoo.

“Mama, unamvishaje mtoto jina la maiti? Watu gani hawa?”

“Watu wa kwenu,” mama yake akajibu, akibandua kuvu kwenye jiwe kwa ukucha, taratibu, kama anayemfuta mtoto pua.

Kidole cha Dorcas kikaganda ndani ya herufi.

“Mama. Mimi ni wa ngapi?”

“Usianze ubishi.” Mama hakuinua macho. “Mwenzio wa kwanza hakuwa mbishi.”