Mgeni wa Mzee Kasian

Mzee Kasian alikataa kupanda gari. Hakukataa kwa ukali. Aliketi tu juu ya boksi lake, kwenye kibaraza cha duka la Nurudini mjini Kasulu, akimenya parachichi taratibu kana kwamba gari la halmashauri limekuja kumsalimia.

Parachichi lenyewe alipewa na Asnath, afisa ustawi wa jamii aliyehamishiwa Kasulu kutoka Same. Kila wiki Asnath aliwaletea waliolala vibarazani maparachichi ya uani kwake. Hakuwa na mkono wa birika, hata wasiompenda walikiri hivyo. Ila ulimi wake haukujua kupumzika. Kutwa alimsema mwenye nyumba aliyempangisha, mtu ambaye hajapata kumwona, maana kodi huchukuliwa na dalali Tamimu. Jikoni kunavuja, alisema, na tajiri huyo bila shaka yuko Dar anakula raha.

Mwaka ule wa 2013 halmashauri ilikuwa imeazimia kwamba hakuna atakayelala kibarazani tena. Mwenye kwake arudishwe kwake. Asiye na kwake apelekwe kijijini alikozaliwa. Kwa Mzee Kasian kijiji hicho kilikuwa Makere, na Makere hakubaki hata mtu mmoja wa kumpa maji ya kunywa.

"Sasa mzee wangu, nyumba unayo au huna?" Asnath aliuliza.

"Ninayo, mwanangu. Ila ina mgeni."

"Mgeni gani anamlaza mwenyeji nje?"

"Kwetu mgeni hafukuzwi. Halafu huyu ndiye anayemsomesha mjukuu wangu kule Kibondo."

Asnath aliumia moyoni, na aliumia kweli. Alikwisha kuwaona watu wa aina hiyo, wanaoingia kwa mzee na maneno matamu, kesho wao ndio wenye nyumba. Akaapa mbele ya Nurudini na wateja wake kwamba jua halitazama kabla mgeni huyo hajatolewa na virago vyake, awe mkubwa wa namna gani. Watu wakapiga makofi. Mzee peke yake hakupiga.

"Mwache, mwanangu," alisema. "Ni mtu mwema. Ana mdomo tu."

"Chagua, mzee. Kwako au Makere."

Mzee akafuta mikono, akapanda. Alikaa mbele na dereva ili aonyeshe njia. Asnath akakaa nyuma na mgambo mwenye rungu. Wakapita soko, wakapita msikiti. Asnath alikuwa akimwelekeza mgambo namna ya kuvitoa nje vyombo vya yule mgeni, aanze na kitanda, na asisikilize machozi ya mtu. Gari lilipokata kona ya kisimani, akapunguza sauti. Lilipopita mashine ya kusaga, akanyamaza kabisa.

"Hapa," alisema mzee.

Ilikuwa nyumba ya bati, mlango wa buluu, na mparachichi uani. Mzee Kasian alishuka, akavua kofia, akapiga hodi kwa adabu zote. Hakuna aliyeitika.

Mgambo akalipima kufuli kwa macho, akauliza kama alivunje.

"Usivunje," alisema Asnath, mkono wake ukiwa tayari mkobani, ukitafuta ufunguo.