Bangili ya Saumu

Siku hizo kila mtoto aliyetokana na mbegu ya hisani, ya baba wa kujitolea asiyejulikana, alivaa bangili, na mjamzito alimvalia aliye tumboni. Mtoto mmoja akikutwa na maradhi ya kurithi kwa baba, bangili za nduguze wote wa baba huyo zililia, popote walipokuwa. Lakini wa kubonyeza bangili ya mgonjwa ili nyingine zilie alikuwa mama peke yake. Daktari hakuruhusiwa kumsemea.

Mwanakheri, mwanamke asiyetikisika, alirudi kutoka hospitali na binti yake Rukia. Rukia alikuwa amekutwa na maradhi ya moyo, ya kurithi kwa baba. Jikoni alimkuta mdogo wake Saumu, mwenye mimba ya miezi saba, akichambua mchicha.

"Nikibonyeza nitawatia watu jakamoyo," alisema Mwanakheri. "Wengine wana mimba kama wewe."

"Bonyeza, dada. Mficha maradhi kifo humuumbua. Au wangoje mpaka mtoto aanguke?"

"Ungekuwa wewe, ungetaka kuambiwa?"

"Ningetaka."

Basi. Mwanakheri hakuwa mtu wa kusitasita. Akaushika mkono wa Rukia, akabonyeza.

Bangili ya Rukia ikalia. Nyingine ikaitikia papo hapo, juu ya sinia la mchicha.

Saumu hakushtuka.

"Uliniambia umechagua baba mwingine kabisa," alisema Mwanakheri, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilitetemeka.

"Niliona haya, dada. Nilitaka wangu afanane na Rukia."

Akainamia sinia, akaendelea kuchambua, mikono yake ikitupa majani mazuri pamoja na mabovu.