Laini ya Rumen

"Mama, usipande kiti," Desislava aliinong'onezea simu. "Mitungi ya kuhifadhia hoho nitaishusha mwenyewe Jumamosi."

Jikoni kule kijijini, bibi kizee aliinua macho kwenye kamera, akampungia kijiko, akarudi kuchoma pilipili hoho zake. Alipoanguka Aprili, dereva mmoja mwema wa kazini alimfungia kamera ile pamoja na intaneti yake, akakataa hata kahawa.

Mlango ulifunguka kwa kishindo. Desislava akaificha simu.

"Kanuni uliiandika mwenyewe!" Mkurugenzi Hadzhiev alizunguka chumba kama aliyekanyaga siafu. "Data ya kampuni ni ya kazi, ya starehe kila mtu ajinunulie. Sasa nani anatumalizia data?"

"Laini ya Rumen. Yule dereva wa lori. Inakula mchana na usiku."

"Mpigie. Weka sauti ya juu, nimsikie."

Rumen alipokea akiwa kwenye foleni ya mpakani. "Dada Desi! Mama hajambo? Hoho ameshamaliza?"

"Hajambo. Rumen, laini yako ya kazi unaifanyia nini?"

Honi ya lori ililia.

"Uko peke yako hapo, dada?"

"Na mimi nipo, bwana mkubwa," Hadzhiev alidakia.

"Aa. Basi ni filamu, bosi. Napenda filamu."

"Mchana na usiku? Lori linajiendesha?"

"Nifukuze, bosi, sina neno. Ila laini msiikate leo. Nikirudi kesho nita..."

Hadzhiev akakata simu. "Anaibembeleza kama mchumba! Mwandikie barua ya kumfukuza. Na laini izime sasa hivi, nione."

Desislava alifungua orodha ya laini kwenye kompyuta. Rumen ana watoto wawili. Hajawahi kuiba hata tone la dizeli. Lakini kanuni ile imebandikwa ukutani na sahihi ya Desislava chini. Akimbeba huyu leo, kesho wote watataka kubebwa.

Akabonyeza. Kompyuta ikajibu: laini itafungwa baada ya dakika moja.

Hadzhiev alitoka akipiga mluzi. Desislava akaichomoa simu, angalau moyo utulie. Mama alikuwa ameburuta kiti hadi kabatini. Mguu mmoja tayari juu, mkono ukiitafuta mitungi.

"Mama, shuka! Shuka, nakuambia!"

Picha iliganda, mguu wa pili ukiwa hewani. Kisha kioo kikawa cheusi, na maandishi madogo katikati: laini imefungwa.