Watoto wa Watu

Fundi cherehani alijifungia chooni na simu ya binti yake, akaandika: "Wana, samahanini nimechelewa. Mama yangu leo mkali kama pilipili." Akatuma, kisha akaona haya peke yake.

Chiriku alijibu papo hapo: "Pole. Wazazi wote ndivyo walivyo."

Alikuwa ameanza kwa nia njema. Mwalimu wa sayansi aliwagawa wanafunzi wanne wanne, kila kundi liandikiane kwenye simu, ili wajifunze kusaidiana. Walitakiwa wabuni namna ya kuvuna maji ya mvua kwenye paa la darasa lao. Asiyechangia angewapunguzia alama wenzake wote. Wiki hiyohiyo binti alifumwa na simu chini ya shuka, anatazama watu wakicheza muziki, na fundi, mama yake, akaitaifisha mpaka shule zifungwe.

"Nitaandika jibu moja tu," fundi alijiambia, "watoto wa watu wasiponzwe na wangu."

Jibu moja likazaa mengine, maana kundi lilinoga. Kulikuwa na Profesa, Tembo na Chiriku, majina ya utani tu, kama binti yake alivyojiita Kipepeo. Walibishana juu ya mteremko wa mifereji, wakataniana, wakasahihishana bila kununa. Fundi alijitahidi kuandika kitoto. Siku moja aliuliza, "Mambo vipi?" na Tembo akajibu, "Poa kichizi!" Neno hilo alikuwa hajalisikia tangu ujana wake, akadhani limerudi tena mjini. Chiriku alilalamikia mgongo. Profesa hakufupisha hata neno moja na nukta aliziweka mahali pake. Fundi akamwombea heri mzazi aliyemlea.

Lakini kila alipomwona binti ameinamia daftari, dhamiri ilimsuta. Alikuwa anamwibia mtoto kazi yake, na anawadanganya wengine watatu waliomwamini. Aliapa kuacha, jioni ikifika vidole vinamwasha.

Ndipo binti aliporudi kutoka shuleni amepauka.

"Mama, mwalimu kasema kundi letu limekuwa la kwanza. Kesho tunaeleza mbele ya darasa zima. Mimi nitaeleza nini, na simu unayo wewe?"

"Wenzako hukuwauliza?"

"Niliwaangalia, wote wakainamisha vichwa. Na mimi nikainama."

Wanamfichia aibu, fundi aliwaza. Mwalimu akigundua kwamba mmoja alikuwa wa bandia, angefuta kazi ya wote wanne. Watoto wale walikuwa wamehangaika wiki nzima na mifereji yao.

"Mwanangu, nimekukosea," alisema, akamweleza yote.

Binti alimkodolea macho. "Kumbe ndiyo maana ulikuwa hutoki chooni?"

"Nicheke tu. Kesho nakwenda kwa mwalimu kabla kengele haijalia. Nitamwambia kosa ni langu, wenzako wasiguswe."

Asubuhi alikuta watu watatu kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu: mama mmoja mwenye sare ya uuguzi, baba mwenye saruji kwenye viatu, na mzee aliyeshika simu yenye kava la masikio ya sungura. Mtu mzima na masikio ya sungura! Siku nyingine angecheka. Walisalimiana kwa sauti ndogo.

"Ingia tu, dada," alisema yule wa saruji. "Sisi hatuna haraka."

"Hapana, kaka. Nyinyi ndio mliotangulia."

Hakuna aliyenyanyuka. Fundi alikaa ukingoni mwa benchi. Aliona si haki watoto wale wausikie ukweli kutoka kwa mwalimu; afadhali wausikie kwake mwenyewe. Akatoa simu na kuandika, machozi yakimlengalenga: "Wanangu, nisameheni sana. Mimi si Kipepeo. Mimi ni mama yake."

Akatuma, na palepale kwenye benchi simu tatu zikalia kwa pamoja.