Kilema cha Bosi

"Mtazame vizuri, daktari," Bwana Kombo alisihi. "Hana hata kilema kidogo?"

Idi ya kuchinja ilikuwa imekaribia, na mnyama mwenye kilema hachinjwi. Daktari Salme akamkagua beberu upya, macho, meno, masikio, hadi mkia. Tangu aanze kutibu wanyama wa watu, hajaona mwenye mnyama aliyenyong'onyea hivyo kwa habari njema.

"Mzima kuliko mimi na wewe. Nunua mwingine uchinje."

"Mke wangu hasikii. Ameshatwanga bizari ya pilau, anasema Bosi alinunuliwa kwa Idi, si kwa kulala sebuleni."

Salme akainua mguu wa mbele wa Bosi, akachokoa kijiwe kilichonasa katikati ya kwato.

Uso wa Kombo ukang'aa. "Kumbe alikuwa akichechemea!"

"Hakuwa. Na sasa ndiyo hatachechemea kabisa."

"Basi kirudishe."

"Bwana Kombo, nitokee hapa!"

Kombo akakiokota kijiwe, akatoka na beberu wake. Kupitia dirishani, Salme alimwona akichuchumaa langoni, akiinua kwato ya Bosi. Wakatazamana, yeye na beberu. Kombo akaushusha ule mguu taratibu, akaupangusa vumbi.

Kisha akavua kiatu chake mwenyewe, akakitia kijiwe humo, akavaa. Akaanza kuchechemea kuelekea nyumbani, akigeuka kila mara kuona kama Bosi anamwiga.

Bosi alisimama akicheua, akimtazama. Halafu, polepole, akainua mguu mmoja.