Kamati Humuuliza Mdogo

"Mama yako yuko wapi?"

"Kaburini," alijibu Rosemery bila kupepesa macho.

Oliva, aliyekuwa akitwanga mpunga kando ya jiko, alikosa kinu. Mchi uligonga ukingo, punje zikaruka chini. Aliinama kuziokota, masikio yote yakiwa kwenye kile kigoda alichokalishwa mtoto.

Mfuko wa Hisani wa Bonde ulikuwa na utaratibu wake. Wafanyabiashara wa Ifakara walitoa magunia ya mchele, wafugaji wakatoa ng'ombe, wafanyakazi wa Kidatu wakakatwa kidogo kwenye mishahara, na wote walitaka kujua mali yao imeishia kwa nani. Kwa hiyo kamati haikuamini karatasi wala machozi ya watu wazima. Ilifunga safari yenyewe mpaka vijiji vya Mngeta, ikamtenga mtoto mdogo kuliko wote nyumbani, ikamhoji peke yake. Mdogo hajui kudanganya, walisema, na walijisifu kwa hilo kila walikopita.

Tena walikuwa wagumu. Kijijini, mtoto akifiwa na baba tu, watu wanamwita yatima na kumhurumia. Mfuko ulitaka wazazi wafe wote wawili ndipo umhurumie. Lakini nani angebishana nao mwaka ule wa Elinino? Maji yalikuwa yamelala juu ya mashamba, na majirani karibu wote walikuwa wamehamia kwenye vibanda vya bondeni kuokoa mpunga uliobaki.

"Alikufa lini?" aliuliza Mama Kristina, mhazini wa kamati, kwa sauti ya upole.

"Kabla ya Kwaresima."

"Ulilia?"

"Nililia. Bibi akaninyoa nywele."

Mama Kristina alimpapasa kichwa. Nywele kweli zilikuwa bado fupi.

"Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?"

Oliva aliacha kutwanga.

Rosemery alifikiri kidogo. "Alikuwa mkali. Lakini ukishikwa na homa, anakaa macho na wewe mpaka kunakucha."

Oliva aliziba mdomo kwa kanga. Kikohozi kilimtoka hivyo hivyo, kirefu, cha kuchubua kifua.

"Na huyu ni nani?" aliuliza Mzee Fridolin, mwenyekiti.

"Jirani," alijibu Bibi Balbina upesi kutoka barazani, alikoambiwa angoje. "Mwanangu kafa, mkwe wangu naye kafa. Nimebaki na hawa wajukuu wawili, na mimi mwenyewe ndiyo hivi mnavyoniona. Huyu ananisaidia kutwanga na kuchota maji."

"Shikamoo, mzee," alisema Oliva, akipiga goti.

"Marahaba. Mungu akubariki, mama. Lakini kifua hicho kakipeleke hospitali."

Oliva aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na haja moja tu duniani: watoto hawa wale na wasome, hata siku ambayo hakutakuwa na mtu wa kuwatwangia. Wiliam, kaka yake Rosemery, alikuwa amesimama mlangoni akitazama vidole vya miguu yake.

"Na kaburi la mama yao?" aliuliza Mzee Fridolin.

"Mlimba, kwa watu wake," alisema Bibi Balbina. "Walimpeleka kwa treni."

Mzee Fridolin alitazama maji yaliyofunika njia ya kwenda stesheni, akaona haya kusema twende. Kamati ilijitenga kando ya gari, ikanong'ona. Oliva aliendelea kutwanga. Kinu kilikuwa hakina kitu.

Waliporudi, mzee alikuwa anatabasamu.

"Bibi, Mfuko umewakubali watoto hawa. Wote wawili."

Oliva aliukumbatia mchi. Ilikuwa furaha tupu, ambayo hakuwa ameionja tangu mafuriko yaingie.

"Chakula, sare, shule, mpaka wajitegemee," aliendelea Mzee Fridolin. "Ila siku hizi hatuachi tena msaada majumbani, maana unanywewa. Tumefungua nyumba ya watoto ng'ambo ya mto, upande wa Mahenge. Wageni haturuhusu, yatima akizoea wageni hatulii. Na tunaondoka nao sasa hivi, maana kesho kivuko kinasimama mpaka maji yapungue."

Bibi Balbina alimgeukia Oliva, mdomo wazi, akimngoja aseme neno. Mama Kristina naye akageuka kutazama huko huko, akaona mwanamke mkondefu mwenye mchi mkononi.

"Jirani, tusaidie," alisema. "Wafungie nguo zao."

Oliva aliingia ndani. Nguo zenyewe zilienea kwenye mfuko mmoja wa rambo. Alizikunja, akazikunjua, akazikunja tena. Moyo ulikuwa unamwambia atoke akapige kelele mpaka huko bondeni wasikie. Alipotoka, uso ulikuwa mkavu, na alisema kama anavyosema mtu yeyote akiagana na watoto wa wenzake.

"Haya, mkasome. Mkawe na adabu."

Wiliam alipanda nyuma ya Landrova bila kugeuka. Rosemery hakufikia pa kukanyaga, ikabidi Oliva ambebe. Dereva alikwisha kuwasha gari. Mtoto alimkumbatia shingoni kwa nguvu, akamnong'oneza sikioni, sauti imejaa majivuno:

"Mama, nimesema vizuri? Tukirudi jioni, utakuwa umeshafufuka?"