Mgeni wa Getini

Bi harusi alikuwa amehamia juzijuzi kwenye ule mtaa wa kuta ndefu, nje kidogo ya jiji. Alikuwa getini akipiga soga na majirani alipomwona mama yake mzazi akija kwa miguu, vumbi hadi magotini, kandambili moja imefungwa kwa waya.

"Na huyu nani tena?" jirani mmoja akauliza, amekunja pua.

Bi harusi uso ulimwiva kwa aibu. "Ni mama anayenifulia nguo," akajibu upesi.

Mama alisikia. Akasimama, akamtazama binti yake kwa muda, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bosi," akasema taratibu. "Nguo ziko wapi?"

Majirani walikuwa wanasubiri.

"Marahaba," binti akaitikia. "Pitia mlango wa nyuma."